Matanga ya Waziri wa Mambo ya Ndani

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia la hapa Afrika Kusini nilikuwa bado navaa nyeusi. Mume wangu alikufa katikati ya mashindano, na siku ya matanga yake, kila mara mchungaji aliposema "tuombe", vuvuzela zilimjibu kutoka barabarani. Mimi sikulia. Si kwamba sikuumia. Kwetu Uvira, Kongo, wapo wanawake wanaolia kwa sauti na wapo wanaokaa kimya kama maji ya mtungini, na mimi ni wa hao wa pili. Wanawake wa kanisa walinifinya ubavuni nilie japo kidogo, kwa heshima. Nilishindwa.

Miezi michache baadaye nilipata kazi Morningside, mtaa wa wenye nazo hapa Durban, ya kumtunza bibi mmoja Mzungu wa miaka themanini na sita. Aliishi peke yake ghorofa ya chini, kwenye jengo ambalo nyasi zake zilichanwa vizuri kuliko vichwa vya watu wengi. Miguu yake ilikuwa imegoma, lakini mdomo wake ulifanya zamu mbili. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni akasema:

"Umevaa hivyo kwa ajili ya nani? Mimi bado sijafa."

Nikamwambia ni kwa ajili ya mume wangu.

"Alikuwa mtu mzuri?"

"Siku nyingi, ndiyo," nikasema. "Siku nyingine, hapana."

Alicheka mpaka nikamshika asiteleze kwenye kiti. Akasema wajane wote aliowahi kuwajua walikuwa wameolewa na malaika, na kwamba mimi nibaki.

Tulizungumza Kiingereza. Chake kilikuwa cha vitabu vya zamani na changu kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo tulikutana katikati. Mimi shule niliishia darasa la sita.

Sebuleni kwake kulikuwa na picha ya mwanamume mwenye sharubu nene, amevaa koti lenye kamba za dhahabu kifuani, upanga kiunoni na kofia ya manyoya mkononi. Wiki nzima niliipangusa vumbi nikidhani ni mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi.

"Huyo ni baba yangu," akaniambia siku moja. "Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Hungaria, kati ya vita mbili kuu."

Mgongo wangu ulinyooka wenyewe. Ukishakuwa mkimbizi, wapo watu ambao hata picha yao unaisalimia. Miaka minne niliyokaa Kigoma ndiyo iliyonifundisha neno la wakubwa, na lilinitoka kabla sijalizuia. Niliiambia ile picha, "Shikamoo."

Habari za huyo waziri nilizisikia vipande vipande, wakati nikimkata Bibi kucha au nikimpaka mafuta miguuni. Alizaliwa mji mdogo wa tambarare, akasomea sheria kwa sababu baba yake alitaka. Alianza kazi kama karani wa wilaya, akiandika nani ana nguruwe wangapi na nani anapika pombe ya matunda bila ruhusa. Vita ya kwanza ilimrudisha bila vidole viwili vya mguu. Akawa mkuu wa wilaya, kisha mkuu wa mkoa, na mwishowe waziri, kwa muda usiofika miaka miwili. Mlango wa ofisi yake ulikuwa umefunikwa ngozi ya kijani ili sauti za watu wa nje zisiingie. Kila kitu kilipita chini ya kalamu yake: magazeti, vyama, mikutano, pasipoti, wageni, hata dansi za vijijini. Watu hawakuweza kucheza mpaka baba yake Bibi asaini.

Alipoondolewa, hakuambiwa na mtu. Alisoma gazetini asubuhi, nusu ya uso wake ikiwa bado na povu la kunyolea. Akamaliza kunyoa, akavaa suti, akakaa mezani saa mbili kamili, na kwa kuwa hakukuwa na karatasi, mke wake alimpelekea orodha ya vitu vya sokoni. Akaisaini. Tangu siku hiyo nyumba ile haikununua hata kitunguu bila sahihi ya baba.

"Siku moja alikataa soseji," Bibi aliniambia. "Aliandika pembeni: sababu hazijitoshelezi."

Tulicheka siku ile mpaka maji ya kumwoshea miguu yakapoa.

Yeye naye aliniuliza mambo yetu. Alitaka kujua matanga ni nini hasa. Nikamweleza kwamba watu hukaa pamoja, hula, huimba, kisha mzee mmoja husimama kusoma wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alisoma nini, alifanya kazi gani, ameacha nani. Mwisho mmoja wa ukoo husimama na kuomba: kama marehemu alimkosea mtu yeyote hapa, tunaomba amsamehe.

"Na kama kweli kuna mtu aliyekosewa?"

"Anaruhusiwa kusema," nikamwambia. "Lakini hakuna anayesema. Saa hizo chakula kinanukia."

Halafu nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Kwenye matanga ya mume wangu, mzee wa kanisa alisoma kwamba marehemu alikuwa injinia. Mume wangu alikuwa analinda magari ya watu kwenye maegesho ya ufukweni. Kabla ya hapo, kwetu, alitengeneza redio, na si zote zilizosema tena. Watu waliitikia "amina", na mimi nilikaa pale kama mgeni kwenye msiba wa mtu mwingine. Tulimzika injinia nisiyemjua.

Bibi hakucheka. Aliitazama ile picha.

"Baba yangu hakusomewa chochote," akasema.

Akanieleza. Mwisho wa vita ya pili walikimbilia magharibi na mikoba miwili, wakaishia kwenye kambi ya wakimbizi huko Austria. Afisa wa kambi alimwuliza baba yake kazi yake. Akajibu, "Waziri wa Mambo ya Ndani." Afisa akaandika: hana kazi. Majira ya baridi baba akaugua mapafu. Asubuhi moja Bibi alikuwa kwenye foleni ya karatasi za kusafiri, ambayo ukiiacha unaanza upya baada ya miezi. Mtu akaja kumwambia baba yako anakata roho. Hakutoka kwenye foleni. Alipofika kitandani, kitanda kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine, na baba alikuwa amezikwa na wenzake watatu shimo moja, bila neno. Karatasi aliyoipata siku ile ndiyo iliyomleta Durban.

"Moyo wangu umechoka, daktari ameniambia," akasema. "Kabla haujasimama, nataka baba yangu apate matanga. Yasomwe yote, na mabaya pia. Sifa za watu waliomwogopa alishazisikia za kutosha. Lakini hilo la foleni usiliandike. Hilo ni langu."

Nikasema sawa.

"Watakuja watu wangapi?"

"Sijui, Bibi. Labda mimi na wewe."

"Wawili hao si matanga, ni maongezi. Alikuwa waziri. Asizikwe mara ya pili kama paka."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kwetu mtu haendi matanga ya asiyemjua, na ya Mzungu aliyekufa zaidi ya miaka sitini iliyopita ndiyo kabisa. Nilimweleza jambo hilo rafiki yangu mwenye kiti cha kusuka nywele katika saluni moja mjini. Nilimweleza lote: Hungaria, kifo, kambi, kila kitu. Rafiki yangu ana moyo mkubwa na mdomo unaolingana nao. Nilipogeuka tu kutafuta mwavuli wangu, nikamsikia akimwambia mteja:

"Huyu mama unamuona kimya hivi? Iko anatumika kazi kwa mtoto wa Waziri wa Mambo ya Ndani!"

Habari ikaondoka pale kwa miguu. Ikapoteza Hungaria kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani kama tunavyoziita hapa, na kwenye robot ya pili ikapoteza kifo cha waziri, matanga yakabaki. Ilipofika mtaani kwangu, mimi nilikuwa napika supu kwa binti wa waziri aliye hai, mwenye kalamu mkononi, ambaye kila mkimbizi wa mji huu angetaka kumwona.

Ghafla nikawa mtu. Mama mmoja ambaye hakunisalimia tangu nije Durban aliniletea samaki. Watu walinipisha kwenye taxi, daladala za hapa. Mzee wa kanisa, yuleyule wa injinia, alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, nimesikia iko matanga kwa waziri. Nani amefariki?"

"Baba," nikasema.

"Baba wa waziri! Ole. Tutakuja wote. Kanisa zima."

Ningeweza kumsahihisha palepale. Sikufanya hivyo. Nilifungua mdomo, nikaona sebule ya Bibi imejaa viti na kila kiti kina mtu, nikaufunga. Huo ndio ukweli, na sitaupamba. Nilinyamaza siku tisa. Katika siku hizo tisa nilikula samaki wa watu, na kila mwiba ulinisema.

Siku ya kumi ilikuwa Jumapili. Wakati wa matangazo nikasimama. Watu walishangaa, maana mimi husimama kanisani wakati wa wimbo tu, tena nikiwa nyuma.

"Matanga ni Jumamosi ijayo, saa nane," nikasema. "Lakini msidanganyike. Aliyekufa ndiye waziri mwenyewe. Alikufa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Alikuwa waziri wa Hungaria, huko Ulaya. Binti yake ni bibi kizee, hawezi kumsaidia mtu karatasi. Nilijua mnafikiri vingine na nikanyamaza. Mnisamehe. Na mama aliyeniletea samaki, nitamrudishia mwingine."

Kisha mzee wa kanisa akauliza polepole, kama mtu anayejaribu ngazi iliyooza:

"Kwa hiyo, mama, hawezi kusaini?"

"Hawezi, papa."

"Hata kidogo?"

"Amekufa, papa."

Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele, na nilijua hicho ndicho kicheko cha watu wanaokwenda zao. Nikaona viti vyote vya sebule ya Bibi vikibaki wazi, kimoja baada ya kingine. Ndipo Mrundi mmoja mwenye duka la simu, mtu wa makamo tunayemwita Papa Simu, yaani Baba Simu, mkavu kama mkaa, akanyanyua mkono.

"Swali. Hawezi kusaini. Je, anaweza kunifukuza?"

"Hawezi."

"Anaweza kuniambia nirudi kesho?"

"Hapana."

"Basi mimi nitakuja. Nimepita nchi nne na kila nchi nimemtafuta Waziri wa Mambo ya Ndani nimwambie neno moja, nikafika kwa mlinzi wa geti tu. Huyu ndiye wa kwanza asiyeweza kutoka nje kwa mlango wa nyuma."

Kicheko kikabadilika. Rafiki yangu wa saluni akapiga kofi pajani. "Hata miye! Iko maneno namuwekea tangu mpaka wa kwanza!"

Wiki ile Bibi alinitamkia maneno ya wasifu nami nikayaandika kwa Kiswahili kwenye daftari la shule. Mzee wa kanisa, ambaye ndiye angelisoma, alikuja kulichukua Ijumaa, akasoma, akakuna kidevu.

"Mama, huyu mtu iko mkavu sana. Tuongeze kidogo? Tuseme alipenda wageni?"

"Usiongeze kitu."

"Hata 'mcha Mungu'?"

"Hilo mwulize Mungu."

"Sasa mimi nitasoma nini chenye utamu?"

"Soma kilichoandikwa, papa. Ya mume wangu ulitia utamu, na mpaka leo naumwa tumbo."

Akalikunja daftari, akaliweka mfukoni, akaondoka.

Jumamosi walipanda kutoka mjini na viti vya plastiki vichwani. Sufuria kubwa tuliliazima mtaa wa Chatsworth. Wanawake walikuja na nyeusi zao, na sombe, yaani kisamvu, na unga wa muhogo wa kusongea fufu, na kwenye zile nyasi zilizochanwa wakafunga turubai la buluu. Tulikuwa kama watu arobaini hivi. Jirani wa ghorofa ya juu, mzee Mzungu ambaye ndiye mwenyekiti wa wakazi wa jengo, alitoka, akaona nyeusi, akaona viti, akaingia tena ndani. Alirudi amevaa tai, na maua mkononi, macho mekundu. Akanishika bega.

"Alikwenda kwa amani?" akaniuliza.

Kabla sijajibu, sauti ikatoka dirishani: "Nani huyo? Mwambie kama ni mimi niliyekufa, achukue kiti akae!"

Yule mzee alikaa kweli. Alikaa mpaka mwisho, na fufu alikula kwa uma.

Picha tuliiweka mezani, mbele ya Bibi na kiti chake cha magurudumu. Mimi nilikaa kando yake nikimtafsiria. Mzee wa kanisa akasimama, akafungua daftari, na lazima niseme haki: alisoma kama lilivyoandikwa.

Alisoma za nguruwe, watu wakacheka. Alisoma kwamba alipokuwa mkuu wa mkoa, vijijini watu walipiga kura kwa kutamka kwa sauti jina la wanayemtaka, mbele ya karani, na mlangoni wamesimama askari wenye manyoya ya mkia wa jogoo kwenye kofia, na kwamba chama cha serikali hakikushindwa mkoani kwake hata mara moja.

"Subiri," akasema mtu. "Ulisema hii ilikuwa Ulaya?"

"Ulaya kabisa," akajibu mzee wa kanisa, naye akaligeuza daftari kulihakikisha.

"Aka! Na sisi tulidhani wametufundisha wao kura ya siri!"

Akaendelea. Alisoma kwamba waziri aliweka sahihi amri ya kuwapeleka mpakani wageni wasio na karatasi, wao na watoto wao, kwa gari-moshi. Kicheko kikaisha. Alisoma kwamba mwanamke mmoja alikuja getini kwake na keki ya mbegu nyeusi ndani ya mkebe, akapiga magoti, akaomba asipelekwe. Waziri aliipokea keki. Karatasi ya kumruhusu abaki hakuisaini.

Kisha akasoma ya gazeti na povu, na ile ya soseji, lakini waliocheka walikuwa wachache. Akasoma ya kambi na ya "hana kazi". Akafunga daftari akasema, "Ameacha binti mmoja, ambaye yupo nasi." Akakaa, akijifuta jasho kama mtu aliyebeba gunia.

Bibi akaniashiria nimsogeze mbele.

"Kama baba yangu alimkosea mtu hapa," akasema, nami nikatafsiri, "ninaomba msamaha kwa niaba yake."

Kwa kawaida hapo watu husema "tumesamehe" na kunyanyuka kutafuta sahani. Rafiki yangu wa saluni alinyanyuka, lakini hakufuata sahani. Alikwenda mbele ya picha, mikono kiunoni.

"Papa Waziri. Kuna mpaka mmoja walinirudisha juu ya picha, eti nimecheka. Siku tatu kwa basi, narudi! Mtu akicheka anakuwa mtu mwingine? Wewe mwenyewe na hizo sharubu, nani anajua kama ulicheka?"

Bibi alipotafsiriwa alisema, kwa uso wa ofisini kabisa, "Samahani kwa niaba yake. Anayefuata."

Wakapanga mstari. Hakuna aliyewaambia, ni mazoea. Mmoja alisema faili lake lilipotea nchi fulani, naye akasubiri lipatikane mpaka mtoto aliyekuwa tumboni mwa mkewe akawa mkubwa wa kumbebea mkoba. Mwingine alitaka tu kujua kwa nini madirisha ni matano na anayefanya kazi ni mmoja. "Wale wanne wanalinda yule mmoja asichoke," Bibi akajibu, na turubai likatikisika kwa kicheko. Kila mmoja aliambiwa samahani, na kila mmoja akasema amesamehe, akarudi kwenye kiti akiwa mwepesi kidogo.

Papa Simu alikuwa wa mwisho. Hakuitazama picha, alimtazama Bibi.

"Yule mama wa keki. Alipelekwa?"

"Alipelekwa," Bibi akasema.

"Alikuwa na watoto?"

"Wawili. Mmoja alikuwa wa umri wangu."

"Na ile keki?"

"Tuliila. Mimi nilikula vipande viwili. Ilikuwa tamu."

Nililitafsiri hilo neno kwa neno. Papa Simu akatikisa kichwa polepole.

"Wengine wamesamehe. Mimi simsamehe."

Mzee wa kanisa akaruka. "Papa, papa, hii ni desturi tu. Sema umesamehe, tule."

"Desturi ni kuulizwa. Nimeulizwa, nimejibu." Kisha akamgeukia tena Bibi, sasa kwa sauti ya chini, kwa heshima, kama anavyoulizwa mfiwa yeyote kwetu. "Na wewe, mama, siku ile alipokata roho, ulikuwa wapi? Nani alimfunga macho?"

Nikamwambia Bibi kwa sikio kwamba si lazima ajibu, kwamba naweza kusema amechoka. Alinisukuma mkono. Akawaambia mwenyewe, sentensi fupi fupi ili nisipotee, jinsi alivyosimama kwenye foleni ya karatasi, jinsi mtu alivyokuja kumwita, jinsi alivyosikia vizuri na asitoke. Alipomaliza aliinamisha kichwa, na nilimwona kama mtu anayengoja kupigwa.

Hakuna aliyeshtuka. Rafiki yangu wa saluni ndiye aliyesema kwanza.

"Ulikuwa namba ngapi?"

Bibi akanyanyua uso. "Ya kumi na nne."

"Iii! Kumi na nne!" Rafiki yangu alishika kichwa. "Mama, nani anaacha namba kumi na nne?"

"Hata tisini mtu haachi," akasema mwingine.

"Miye siku mama yangu anazikwa nilikuwa namba sita," akasema yule mwanamke wa samaki, na hakuna aliyekuwa amewahi kulisikia hilo kwake. "Nilisimama tu. Ningefanya nini?"

Wakaanza kutaja namba zao, mmoja baada ya mwingine, chini ya turubai, na nyuma ya kila namba kulikuwa na maiti au harusi au mtoto mgonjwa. Mimi nilitafsiri namba tu, maana zilitosha. Papa Simu alikuwa wa mwisho tena. "Kwa hilo, mama," akamwambia Bibi, "hakuna wa kukusamehe. Hukukosa. Mstari ni mstari."

Hapo rafiki yangu akapiga ukunga wa msiba. Alianza nusu kwa mzaha, kwa kuwa ni mtu wa mzaha, lakini uliishia mahali pengine, na wanawake wakaupokea, na Bibi akafunika uso kwa kitambaa cha meza, mabega yakitikisika. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Hungaria alililiwa siku ile kama anavyoliliwa mtu yeyote, na watu ambao getini kwake wasingefika mbali. Mimi sikulia. Nilikishika kile kitambaa kisidondokee kwenye sombe.

Baadaye tulikula. Papa Simu alikuwa kwenye sahani ya pili Bibi alipomwita.

"Wewe. Bado humsamehi?"

"Bado, mama."

"Vizuri. Wewe peke yako ndiye uliyesoma faili lote. Rudi Jumapili ijayo, saa tisa. Uje na picha mbili za pasipoti, nyuma iwe nyeupe."

Watu walicheka mpaka yule jirani mwenye tai naye akacheka, bila kujua kwa nini. Papa Simu hakucheka, lakini Jumapili saa tisa kamili kengele ililia. Alikuja bila picha, akasema studio ilikuwa imefungwa. Bibi akamwambia sababu hazijitoshelezi, na nikawawekea chai. Akamsimulia zaidi juu ya baba yake, yale ambayo hata mimi sikuwa nimeyasikia, yaliyokuwa mabaya na yaliyokuwa ya kuchekesha. Alipoondoka Bibi alimwuliza kama ameamua. Akasema bado.

Alikuja Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mara moja nilimsikia akikaribia kusema amesamehe, na Bibi akamkatiza, akamwambia asiharakishe, mambo ya wizara yana taratibu zake. Juma la nane au la tisa Bibi alikuwa hawezi tena kukaa kitini. Alimpokea kitandani, mito mitatu mgongoni.

Papa Simu alimtazama, akavua kofia.

"Mama, labda tumalize leo. Wewe hujachoka kusubiri?"

"Mimi?" Bibi akasema. "Mimi nilikuwa namba kumi na nne na nikafika dirishani. Nenda zako. Faili lako linashughulikiwa."

"Nirudi lini?"

"Jumapili."

Akavaa kofia yake, akaenda, na Jumapili akarudi.